Konokono Waliosahau

Kichwa changu hakihitaji kubembelezwa. Wenzangu husoma kidogo leo, kidogo kesho, kama watu wanaomlisha mtoto uji kwa kijiko. Mimi nakaa chini mara moja tu, siku ya kuamkia mtihani, nakimeza kitabu kizima na maganda yake, na kesho yake nakitema kwenye karatasi bila kudondosha hata nukta. Kikishaingia kimeingia. Hayo nilikuwa nikimwambia kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza, na hata wale ambao hawakuwa tayari.

"Kikishaingia kimeingia," nilimwambia mama mdogo asubuhi moja ya likizo, tukiwa njiani kwenda kazini kwake.

"Hm," akajibu.

Mama mdogo akisema "hm", ujue amesikia kila neno na hajaamini hata moja.

Likizo ile nilikuwa nakaa kwake, na siku zetu zilifanana kama mapacha. Tunakunywa chai, ninapiga deki, tunashuka ngazi, tunavuka barabara na kuingia katika jengo jeupe lenye madirisha membamba. Ndani kuna ubaridi na harufu ya chumvi. Pampu za maji zinanguruma mchana kutwa kama mzee aliyelala chali. Mwisho wa ukumbi ndipo kilipo chumba cha mama mdogo. Yeye ni mtafiti wa mishipa ya fahamu. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi yake ni kupasua vichwa vya watu. Wapi! Anashinda na konokono.

Tena si konokono unaowajua wewe. Hawa ni wa baharini, hawana gamba la kujifichia, wakubwa kama ngumi ya mtu mzima, rangi ya kahawia yenye madoadoa, na kichwani wana vipembe viwili vilivyosimama kama masikio ya sungura. Ukiwaudhi sana wanatoa wino wa zambarau na maji yote yanachafuka. Siku ya kwanza kuwaona nilimwuliza mama mdogo ni nani aliyewavua nguo.

"Cheka tu," alisema. "Huyu unayemcheka ndiye mwalimu wangu."

"Sasa mama mdogo, si ungechunguza ubongo wa watu? Huyu anajua nini?"

Akaniita karibu na tangi. "Ubongo wako una seli za neva mabilioni, ndogo ndogo, zimesongamana kama watu kwenye soko lililofurika. Mtu akipiga kelele humo ndani, utajuaje ni nani? Huyu seli zake ni chache, na baadhi ni kubwa kiasi kwamba karibu uzione kwa macho yako makavu. Yeye ni kama nyumba yenye watu watatu. Mmoja akikohoa, unamjua. Nikielewa jinsi konokono anavyokumbuka, nitaanza kuelewa jinsi wewe unavyokumbuka. Ikiwa unakumbuka."

Akachovya brashi laini ndani ya maji. Konokono ana mrija mfupi mgongoni wa kutolea maji, na kando yake tamvua, yaani kile kiungo anachopumulia. Mama mdogo aliugusa mrija kidogo tu. Papo hapo tamvua likakunjwa likazama ndani, kama mkono wa mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Ameogopa!" nilisema.

"Amejikinga. Lakini nikimgusa tena na tena bila kumdhuru, atazoea. Atajisemea, 'Aa, kumbe ni wewe,' na hatajisumbua kukunja. Huko ndiko kujifunza. Swali langu ni je, somo hilo litakaa kwake kwa muda gani?"

Alikuwa na matangi mawili. Konokono wa tangi la kulia hawakuguswa kabisa. Wa tangi la kushoto walipaswa kuguswa mara kumi kila asubuhi, kwa asubuhi nne mfululizo, kisha waachwe wapumzike kama wiki moja, ndipo wapimwe. Mwaka uliopita mama mdogo alifanya hivyo na konokono wake wakakumbuka kwa majuma kadhaa. Sasa Profesa, mkubwa wake, alikuwa anakuja kujionea kwa macho yake. Akiridhika, kazi ya mama mdogo itachapishwa na chumba kile kitabaki mikononi mwake. Asiporidhika, chumba kitapewa mtafiti mwingine, na konokono wote watarudishwa baharini. Mama mdogo alikuwa ametumia miaka yake ya ujana katika chumba kile. Hata kitambaa cha kufutia meza alikuwa amekishona mwenyewe.

Mambo yakaharibika kabla hayajaanza. Msaidizi wake alishikwa na tumbo akalazwa hospitali, na siku hiyo hiyo mama mdogo akaitwa kwenye mkutano wa watafiti, mji wa mbali, ambako alikuwa amepangwa kuzungumza. Alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akanitazama mimi.

"Mkono wako umetulia," alisema. "Na nimekuona unavyofanya. Nikikuachia, utaweza?"

"Mama mdogo! Kugusa konokono tu?"

"Si kugusa tu. Kumi kila asubuhi. Ukimaliza, unawaacha. Usiongeze, usipunguze, usiharakishe. Fundi wa maji ataangalia pampu na kuwalisha jioni. Wewe utalala kwa jirani." Akanikabidhi ufunguo wa chumba kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. "Nakuamini, mwanangu."

Nilijisikia mrefu kama nguzo ya umeme.

Asubuhi ya kwanza nilifika mapema. Kabla sijaingia ndani, nikasikia mluzi. Alikuwa mtoto wa jirani, yule tunayemwita Kocha kwa sababu anapangia watu namba uwanjani hata kama hakuna aliyemwomba.

"Wewe nesi wa konokono! Kesho tunacheza na watoto wa mtaa wa juu. Na keshokutwa. Na siku inayofuata, tukishinda. Zote asubuhi."

"Siwezi. Nina kazi."

"Kazi gani? Kuwatekenya?"

"Ni utafiti, wewe hutaelewa."

"Sawa, mtafiti. Golini tutamweka yule mwenzetu anayefumba macho mpira ukija. Tukifungwa kumi bila, watu wakiuliza kipa alikuwa wapi, nitawaambia alikuwa anamfariji konokono."

Akaenda zake akipiga mluzi. Nikaingia ndani, lakini maneno yake yakaingia pamoja nami. Nikashika brashi. Nikamgusa konokono wa kwanza mara kumi. Mwanzoni alikunja tamvua haraka, kisha polepole, kisha nusu nusu. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Kazi ikaisha, na jua halijapanda hata kidogo.

Hapo ndipo kichwa changu kisichohitaji kubembelezwa kilipoanza kufanya hesabu. Kumi mara nne ni arobaini. Arobaini ni arobaini tu, ukizigawa au usipozigawa. Kwa nini nije mara nne kufanya jambo linaloweza kwisha leo? Nikarudi kwa konokono wa kwanza.

Nilifanya kazi ile mpaka mgongo ukaniuma, na nataka mjue kwamba sikupunguza hata moja. Kadiri nilivyoendelea, ndivyo walivyozidi kutulia. Mwisho wa arobaini, nilipougusa mrija, tamvua halikutikisika kabisa. Lilikaa wazi kama ua. Nikawagusa wote, wakawa hivyo hivyo. Walikuwa wamejua! Tena wamejua kuliko ambavyo wangejua kwa kumi kumi. Nikafunga mlango nikatia ufunguo mfukoni.

"Kikishaingia kimeingia," niliwaambia kupitia kioo cha mlango.

Asubuhi zilizofuata nilikuwa golini. Tulishinda zote, na sitaki kujisifu, ingawa ile penalti niliyoidaka kwa mkono mmoja bado inazungumzwa.

Mama mdogo alirudi akiwa na uchovu na begi la vitabu. Jambo la kwanza alilofanya, hata kabla ya kuvua viatu, ni kuniuliza.

"Wanangu wazima?"

"Wazima, mama mdogo."

"Uliwagusa?"

"Niliwagusa."

"Wote?"

"Wote, hakubaki hata mmoja."

"Idadi ile ile?"

"Ile ile. Sikupunguza wala sikuongeza."

Akanikumbatia. Na mimi, mikononi mwake, nikawa najipongeza kwamba katika maneno yote yale hakuna hata moja la uongo. Mtu akiwa hodari wa kusema kweli namna hiyo, mwogope.

Siku za kupumzisha konokono zikapita. Siku moja kabla ya Profesa kufika, mama mdogo aliamua kuwapima kimyakimya ili ajue atamwonyesha nini. Tulikuwa watatu chumbani: yeye, mimi, na fundi wa maji, mtu mnene mpole aliyekuja kubadilisha kichujio.

Mama mdogo akachovya brashi, akaugusa mrija wa konokono wa kwanza wa tangi la kushoto.

Tamvua likakunjwa kwa nguvu mpaka maji yakatikisika.

"Huyu ameshtushwa na kitu," alisema. Akaenda kwa wa pili. Likakunjwa. Wa tatu, likakunjwa. Akaenda na kwa wa nne. Likakunjwa. Akahamia tangi la kulia, kwa wale ambao hawakuguswa maisha yao yote, akagusa mmoja. Hakukuwa na tofauti hata kidogo.

Mama mdogo akaitoa brashi majini.

"Fundi," alisema, "maji yalipata joto nilipokuwa safarini?"

"Hapana, dada. Nilikuwa napima asubuhi na jioni."

"Chumvi?"

"Ile ile ya siku zote. Dada, mimi maji yangu nayajua kama mke wangu anavyonijua mimi. Hayajabadilika."

Mama mdogo akanigeukia. "Mwanangu, hukuona jambo lolote? Hakuna aliyetoa wino? Hakuna aliyekataa kula?"

"Hakuna."

"Asubuhi zote nne walikuwa sawa?"

Sasa hapa mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, na mimi nikaupita kama siuoni. "Walikuwa sawa," nilisema. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba kama ya mbu.

Alifuta brashi kwa kile kitambaa chake, akaiweka mezani polepole, akatoka nje. Fundi wa maji akanitazama, akatikisa kichwa. "Mwache apate hewa, mdogo wangu. Leo amefiwa."

Jioni ile hakula. Alikaa mezani mbele ya sahani yake, wali umepoa, naye anaongea kama anajisemea mwenyewe.

"Mwaka jana walikumbuka. Mwaka huu hawakumbuki. Basi mwaka jana ilikuwa bahati. Au nilitaka mno kuona, nikaona kisichokuwepo."

"Labda wa mwaka huu ni wajinga," nilisema.

Hakucheka. "Kesho nitamwambia Profesa mwenyewe, kabla hajagusa chochote. Nitamwambia kazi ya mwaka jana isichapishwe. Mtafiti akikuta kosa lake, analisema yeye kwanza. Hangojei kuumbuliwa."

Alikuwa anataka kusema kosa ambalo hakulifanya, tena kwa ushujaa, na mimi niliyelifanya nilikuwa nimekaa mbele yake nachambua mchuzi. Nilitaka kufungua mdomo. Niliufungua kweli, kisha nikauliza kama kuna pilipili.

Sikupata usingizi. Nilijaribu kujitetea kila upande. Niliwagusa, ndiyo. Arobaini, ndiyo. Walijua, nilishuhudia kwa macho yangu. Sasa wamesahauje? Kila nilipofika hapo, nilijifunika shuka kichwani, maana jibu lilikuwa linanijia na mimi sikulitaka.

Profesa alifika asubuhi. Nilitegemea mtu wa kutisha. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi na viatu vya raba vilivyolika upande mmoja. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza jina la timu ninayoshabikia, akasema pole. Kisha akavaa miwani, na ule utani wote ukaondoka usoni kama taa iliyozimwa.

"Haya, binti yangu," alimwambia mama mdogo. "Nionyeshe."

Mama mdogo alisimama wima. Mikono aliificha nyuma, lakini mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona jinsi vidole vilivyokuwa vinabanana.

"Profesa, kabla hujaona chochote, kuna jambo nataka kusema. Matokeo ya mwaka jana, naomba yasi..."

"Nilikosa asubuhi moja!"

Wote wakageuka. Nilitazama nyuma kuona ni nani aliyepiga kelele, nikakuta ni ukuta. Basi ni mimi.

"Umesema?" aliuliza mama mdogo.

"Asubuhi ya mwisho. Sikuja. Nilikwenda kucheza mpira." Machozi yalikuwa yananitoka, na yalikuwa ya kweli, lakini hata ndani ya machozi yale kuna kijitu kidogo kilikuwa kinanong'ona: moja inatosha, usiwape zote. "Niliogopa kukuambia. Si kosa lako, mama mdogo. Usifute kazi yako."

"Moja tu?"

"Moja tu."

Alinitazama. Akatazama tangi. "Hm," alisema.

Profesa alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi. "Kama mafunzo yalikatika, basi hilo tangi halitwambii lolote kuhusu kazi ya mwaka jana. Una konokono wa akiba?"

"Ninao. Wapiga mbizi walileta wapya."

"Anza nao upya. Mimi nina kazi mjini hapa, nitarudi muda ukifika. Na huyu," akaninyooshea miwani, "ndiye atakayeshika brashi. Wewe utakaa pembeni umtazame."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi nilikaa mbele ya tangi jipya, mama mdogo kwenye kiti pembeni yangu, hasemi kitu. Kumi, basi. Nikijaribu kuharakisha, anakohoa. Asubuhi ya pili konokono walijikunja tena, lakini kwa uvivu kidogo. Asubuhi ya tatu uvivu ukazidi. Ilikuwa kama kutazama chai ikipoa. Asubuhi ya nne ilikuwa fainali ya akina Kocha. Niliwasikia wakipita nje na ngoma ya ndoo, nikaendelea kuhesabu.

Jioni Kocha alikuja mlangoni, magoti yamechubuka. "Saba bila," alisema. "Yule mwenzetu amefumba macho mara saba. Nakuomba ukawasalimie konokono wako, uwaambie wametuua."

Muda wa kupumzika ukapita, Profesa akarudi. Safari hii hakuna aliyetania. Mama mdogo alinipa brashi. Nikaichovya ndani ya maji, nikaugusa mrija wa konokono wa kwanza.

Tamvua lilitikisika kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, kisha likabaki wazi.

Nikaenda kwa wa pili. Wazi. Wa tatu na wa nne, hivyo hivyo. Nikahamia tangi la wale wasioguswa, nikagusa mmoja, akajikunja kwa nguvu kama kawaida. Nyuma yangu nikasikia mama mdogo akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa chini ya maji siku nyingi.

"Wamekumbuka," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, "Wanakumbuka."

"Wanakumbuka," alikubali Profesa. "Kazi yako ni ya kweli. Itachapishwa, na chumba hiki kitabaki chako. Sioni haja ya maneno mengi."

Fundi wa maji, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anakagua bomba, alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Mama mdogo alicheka na kulia kwa pamoja, akanivuta, akanibana kwenye koti lake jeupe.

Profesa akavuta kiti, akanigeukia mimi. "Binti, njoo hapa. Mtihani wako wa mwisho shuleni ulikuwa wa nini?"

"Jiografia."

"Ulipata?"

"Themanini na mbili," nilijibu, kifua mbele. "Nilisoma jioni moja tu."

"Hongera. Nitajie aina tatu za miamba."

Nikafungua mdomo. Nikatazama dari. Nikakumbuka rangi ya jalada la kitabu, na picha ya mlima, na doa la chai ukurasa wa pili. Miamba haikuwepo. Ilikuwa imehama na mizigo yake.

"Unaona?" alisema bila ukali. "Ukijibana siku moja, unapata kitu, tena kinang'aa. Lakini kinakaa kwa siku moja. Seli za neva zinahitaji muda wa kujijenga kati ya somo na somo. Hata huyu asiye na mfupa anahitaji. Anayejifunza kidogo, akapumzika, akarudi tena, ndiye anayebaki nacho. Si kwamba ni mwerevu kukuzidi. Amefundishwa kwa utaratibu tu."

"Nimeelewa, Profesa."

"Na ulifanya vizuri kusema ile asubuhi uliyokosa. Ilihitaji moyo."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nakiri kwamba unyenyekevu ule ulinipendeza. Mama mdogo alikuwa ananipapasa bega, fundi wa maji ananitazama kama mtoto wa mfano, na mimi nikaona mambo yamekwisha, tena yamekwisha vizuri.

Profesa aliinuka kuchukua mkoba wake. Akapita karibu na tangi la kushoto, lile la mwanzo, ambalo hakuna aliyelishughulikia tangu siku ile. Akasimama.

"Hawa ndio wale waliokosa asubuhi moja?"

"Ndio hao," nilijibu upesi kuliko ilivyohitajika.

"Nipe brashi."

Nikampa. Akainama, akaugusa mrija wa konokono wa kwanza. Tamvua likakunjwa paa! Maji yakamrukia kwenye miwani. Akamgusa wa pili, ikawa vile vile. Hakugusa wa tatu. Alisimama akiitazama ile brashi inavyodondosha maji sakafuni.

"Asubuhi tatu zilizogawanywa vizuri hazifutiki zote," alisema taratibu, kama anayejisomea. "Zingeacha alama. Angesita, angekunja nusu. Huyu hanijui kabisa. Huyu aliguswa siku moja, akasahau." Akamrudishia mama mdogo brashi. "Ukweli wa nusu nao ni hivyo hivyo, binti. Unawatuliza watu kwa siku moja."

Mkono wa mama mdogo ukaondoka begani kwangu.

"Profesa, mimi..." nilianza. "Kwa kweli, ukiniuliza..."

"Sikuulizi wewe," alisema Profesa, akijifuta maji usoni. "Wewe ulishajibu. Ndiyo maana nimemwuliza huyu konokono."

Ndani ya tangi konokono alifungua tamvua lake kidogo kidogo, hana habari na mtu. Mama mdogo akavuta kiti, akakiweka mbele yangu, akanionyesha kwa kidole. "Asubuhi ya kwanza," alisema. "Anzia hapo." Nikakaa.